Sindano tisa za kroshia zenye mpini wa mpira: uzoefu wangu

Seti hii ina sindano tisa za alumini, kuanzia milimita 2.0 hadi 6.0, zikipishana nusu milimita. Kila moja imevikwa mpini wa mpira laini wenye kibapa cha kuegemeza kidole gumba. Nimezifumia pamba, akriliki na sufu. Kuanzia 3.0 kwenda juu ni sindano nzuri za kazi, 2.0 na 2.5 simshauri mtu azitegemee.

Wengi hukagua mpini kwanza. Mimi huanza na shingo, yaani pale palipobonyea nyuma ya mdomo unaonasa uzi. Baada ya shingo kinafuata kiwiliwili, sehemu ya mviringo inayobeba kitanzi. Namba ya sindano hupima unene wa kiwiliwili, si wa shingo. Ukikaza kitanzi kikiwa bado shingoni, kinatoka kidogo kuliko namba inavyosema, na mshono unaofuata unaingia kwa kusukumwa. Kazi ikitoka ngumu kama kadibodi, tazama hapo kabla ya kubadilisha uzi.

Katika seti hii shingo hunenepa polepole kuelekea kiwiliwili, mtindo unaojulikana kwa sindano za chapa ya Boye. Mtindo mwingine, ule wa chapa ya Susan Bates, una mdomo ulio sawa na kiwiliwili na umechongwa kwa ndani, hivyo humsaidia zaidi anayeanza kulinganisha vitanzi. Huu wa kunenepa hupenya vizuri kwenye mishono iliyobana, lakini ni lazima usogeze kila kitanzi hadi kwenye kiwiliwili kabla ya kuvuta uzi. Kiwiliwili chenyewe kinatosha mishono ya kawaida. Kwa mshono wa kuzungusha uzi mara nane au kumi, vitanzi hugota kwenye mpira na kuanza kupandana. Hapo chukua sindano isiyovikwa mpini.

Sasa hizo ndogo mbili. Mdomo wake una ukingo mkali uliobaki kiwandani. Kipimo rahisi ni soksi nyembamba ya nailoni: pitisha mdomo juu yake, na ukinasa, jua utapasua uzi pia. Unaweza kulainisha kwa kipande cha msasa namba 600, kisha 1000, lakini rangi ya juu itatoka, na alumini tupu huacha weusi kwenye uzi mweupe. Zaidi ya hapo, alumini nyembamba hivyo hupinda ukifuma kwa mkono mzito, na kuinyoosha mara kwa mara huichosha hadi ikatike. Kwa uzi mwembamba wa vitambaa, chuma cha pua ndicho kinachofaa.

Jambo lililonifurahisha ni milimita kuchorwa kwenye kila mpini. Namba tupu hupotosha: sindano namba 8 ya Marekani, ile ya herufi H, ni milimita 5.0, ilhali namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4.0, na huko namba ikipanda sindano hupungua. Fuata milimita tu. Hata hivyo fuma sampuli ya sentimita 14 kwa 14, uhesabu mishono kwenye sentimita 10 za katikati, maana kingo hudanganya. Mishono ikizidi ile ya maelezo, panda nusu milimita, ikipungua, shuka. Kwa vikaragosi vya kujazwa pamba, mimi hushuka milimita moja au moja na nusu chini ya ile iliyoandikwa kwenye lebo ya uzi, ili ujazo usichungulie.

Utunzaji si mzigo. Mafuta ya mikono ndiyo adui wa mpira: huufanya unate na kukusanya manyoya ya uzi. Futa kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kisha ukaushe. Usiloweke, maji hupenya chini ya mpira na kulegeza gundi. Asetoni na thina usizikaribishe kabisa. (Za mbao na mianzi ni habari nyingine: hazitaki maji, zinataka msasa namba 600 na nta ya nyuki kidogo iliyosuguliwa kwa kitambaa.)

Mpini wa 3.5 ulianza kuzunguka mkononi, na hilo huharibu kila mshono kwa sababu mdomo hauelekei tena unakokusudia. Likikupata, chomoa mpira, futa gundi ya zamani kwa kisu butu, paka gundi ya kuchanganya ya epoksi, kiasi cha punje ya mchele. Kabla haijashika, geuza mpira hadi kibapa cha gumba kielekee upande mmoja na mdomo. Acha saa 24 kabla ya kufuma.