Tuisheni ya anatomia kwa mwalimu binafsi: uzoefu wangu wa mwaka wa kwanza wa utabibu

Ninasoma stashahada ya utabibu hapa Dar es Salaam, na karibu mwaka wa kwanza wote nimekuwa nikilipia mwalimu binafsi wa anatomia ya binadamu, yaani somo la viungo vya mwili na vilivyopangika. Wadogo zangu wanaoingia vyuo vya afya mwaka huu wananiuliza kama inafaa kutoa hela hiyo. Kwangu imefaa sana, na sababu kubwa ni kwamba nilimpata mwalimu anayeuliza. Mwalimu wa kukusomea tena noti zilezile ulizopewa darasani hatakuongezea kitu.

Nieleze kwanza hali ilivyokuwa. Darasa letu ni kubwa, na mifano ya plastiki iliyopo haitoshi kila mtu kushika. Mhadhiri anafika kwenye mkono Jumatatu, Alhamisi yuko mguuni. Nilikuwa na programu ya simu inayoonyesha mwili kwa umbo kamili, unazungusha fuvu, unaondoa misuli mmoja mmoja mpaka ufike kwenye mfupa. Video za YouTube nazo ni nzuri na nyingi ni za bure, bado ninazitumia hadi leo. Ila picha haikuulizi swali. Unaitazama, unaona umeelewa, halafu mtu akikuuliza neva fulani (mshipa wa fahamu) inapita mbele au nyuma ya mfupa unabaki kimya.

Mwalimu wetu ni daktari kijana aliyemaliza mafunzo ya kazini, anafanya zamu hospitalini na muda wake wa ziada anafundisha. Dada mmoja wa mwaka wa tatu ndiye aliyetuunganisha naye. Nasema "tulimpata" kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa bweni, na tulichanga. Kipindi cha saa mbili kilikuwa shilingi 20,000, kwa hiyo kila mmoja alitoa 10,000. Kwa mwanafunzi hiyo si hela ya kuchezea. Lakini kusoma wawili kuna faida kuliko bei peke yake, kwa kuwa anatomia inahitaji mwili wa kuugusa, na mwenzako ndiye mwili wenyewe.

Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alitwambia tushike mfupa wa mtulinga kuanzia katikati ya kifua, tuufuate kwa kidole mpaka unapoishia begani, halafu tuseme nini kinapita chini yake. Hatukujua. Akasema, "Sawa, basi leo tunaanzia hapo hapo." Ndivyo tulivyoingia kwenye pleksasi ya brakia, yale makutano ya neva yanayotoka shingoni kwenda mkononi, mada inayowatoa jasho wanafunzi wengi kuliko zote.

Namna alivyoifundisha ndiyo iliyonifanya niendelee kulipa. Kila kipindi, hata tulipokuwa tumeshahamia tumboni au mguuni, tulianza kwa kuichora bila kuangalia popote: mizizi 5, kuanzia C5 (neva ya tano ya shingo) mpaka T1 (ya kwanza ya kifua); inaungana kuwa mashina 3; kila shina linagawanyika mbele na nyuma, tunapata sehemu 6; zinakutana tena kuwa kamba 3 zinazoizunguka ateri ya kwapani; mwisho matawi 5 makubwa. Tukishamaliza, Dokta anachukua kalamu nyekundu na kukata mstari mmoja. "Nimekata hapa. Mgonjwa anashindwa kufanya nini?" Ukishindwa kujibu hakupi jibu. Anakurudisha kwenye mchoro, ufuate mstari kwa kidole mpaka kwenye msuli wenyewe.

Baada ya hapo mambo yakaanza kujifunga yenyewe. Dereva wa bodaboda ameanguka, mfupa wa mkono wa juu umevunjika katikati, na sasa kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua. Kwa nini? Kwa sababu neva ya radiali inauzunguka mfupa huo kwa nyuma, imelala karibu kabisa na mfupa, na ndiyo inayoendesha misuli ya kuinua kiganja. Mwingine ameangukia bega, shingo ikavutwa upande wa pili, mizizi ya juu C5 na C6 imejeruhiwa, na mkono unalala pembeni umegeukia ndani. Jeraha lilelile linaweza kumpata mtoto mchanga bega likikwama wakati wa kuzaliwa. Mchoro mmoja, wagonjwa wawili ambao usingedhani wana uhusiano wowote. Nilipoliona hilo nilifurahi mno, na furaha hiyo sikuwahi kuipata kwenye noti.

Akatufundisha pia kipimo cha haraka cha neva tatu za mkono, ambacho nimekitumia kwenye mafunzo ya wodini. Mgonjwa anainua dole gumba juu, hiyo ni radiali. Anatengeneza duara kwa gumba na kidole cha shahada, hiyo ni midiani. Anatanua vidole na kuvikaza usivifunge, hiyo ni alna. Nusu dakika umemaliza. Kiganjani vilevile: mtu aliyeanguka akajikinga kwa mkono, ukibonyeza kile kibonde kilicho chini ya gumba akapata maumivu, usimwambie ni mteguko tu. Pale chini kuna mfupa wa skafoidi. Damu yake kwa sehemu kubwa inaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika katikati kile kipande cha upande wa kiwiko kinaweza kufa kwa kukosa damu.

Somo ambalo naona kila anayesomea afya angelipata mapema ni la sindano ya tako. Tulilisoma kwenye mfano wa plastiki, lakini alama za mifupa kila mtu alizitafuta kwenye mwili wake. Unaligawa tako sehemu 4, unachoma robo ya juu upande wa nje. Hilo kila mtu analikariri. Dokta alitutaka tuonyeshe sababu: neva ya siatiki, nene kuliko neva zote za mwili, inashuka katikati ya mfupa wa kukalia na kile kinundu cha paja unachokipapasa pembeni ya nyonga. Sindano ikienda ndani na chini, unaifuata yenyewe. Wako watoto waliochomwa sindano ya kwinini hapo wakabaki na mguu unaoburuta. Ndiyo maana chanjo za watoto wachanga zinachomwa pajani, upande wa mbele kwa nje. Nilishawahi kuona wauguzi wakifanya hivyo kliniki bila mimi kujua kwa nini, na sasa najua.

Kifua tulikisoma kwa nyama ya bucha. Tulinunua moyo wa mbuzi, figo na mapafu. Dokta alituagiza tumwambie muuza bucha mapema asiuchane moyo na asikate mishipa yake ya juu, maana mara nyingi unaupata umeshapasuliwa. Ukiufungua mwenyewe unaona ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ulivyo mnene na wa kulia ulivyo mwembamba, na huhitaji kuambiwa ni upi unaosukuma damu mwili mzima. Tulimimina maji kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, tukaona vali (kilango cha damu) inavyojifunga na kuyazuia. Zile nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali ndani nilikuwa nimezikariri jina lake tu. Kuzivuta kwa kibano na kuona vali inavyokazwa ni jambo lingine kabisa.

Alikuwa mwangalifu kutuonyesha pia pale mbuzi asipofanana na binadamu. Figo la mbuzi ni laini lisilo na mikunjo, karibu sana na letu, tofauti na la ng'ombe lililogawanyika vipande vipande. Lakini kwenye mapafu, mbuzi ana bomba la ziada la hewa linalochomoka kwenye koo la hewa kabla halijagawanyika, kwenda pafu la kulia. Binadamu kwa kawaida hana. Binadamu ana bomba la kulia lililo pana, fupi na lililosimama zaidi kuliko la kushoto, ndiyo maana karanga ikimpalia mtoto hutafutwa kwanza upande wa kulia.

Kuhusu lugha: alieleza kwa Kiswahili, kisha akatutaka tujibu kwa Kiingereza kwa kuwa mtihani uko kwa Kiingereza. Mwanzoni ilichosha. Ila nimegundua kwamba nilichokielewa kwa Kiswahili sijakisahau, na majina ya Kiingereza yamekaa juu yake bila kunisumbua. Ningekuwa na uwezo ningependa darasani nako iwe hivyo.

Sasa kasoro, maana zipo. Zamu zake zilivunja ratiba mara nyingi, na mara nyingine ujumbe wa kuahirisha ulifika tukiwa tumeshakaa tunamsubiri. Embriolojia, yaani ukuaji wa mtoto tumboni, aliipitia juu juu, na tishu kwa hadubini hakuzigusa kabisa, tulijisomea. Anapenda neva mno, na kwa ajili hiyo viungo vya nyonga vilisukumwa kwenye vipindi vya mwisho, haraka haraka, wakati kwa mtu atakayefanya kazi zahanati na kuhudumia wajawazito hiyo ndiyo sehemu inayotaka muda. Nilimwambia hivyo, akakubali, akaturudishia kipindi kimoja bila malipo. Na hakuna mwalimu binafsi atakayekupa mwili halisi wa kupasua. Kama chuo chako kina maabara hiyo, usikose hata siku moja kwa kutegemea tuisheni.

Kwa wasichana nina la kusema zaidi. Anatomia ni somo la kugusa mwili, kwa hiyo wekeni utaratibu kabla ya kuanza. Sisi tulisomea barazani kwa shangazi wa rafiki yangu, watu wakipita. Alama za mwili alizionyesha kwenye mkono au mguu wake, sisi tukazitafuta kila mmoja kwake au kwa mwenzake. Tumbo la chini na nyonga tulitumia mfano wa plastiki peke yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza hivyo, na hilo lilinipa imani naye kuliko vyeti vyake. Mwalimu anayesisitiza mkutane chumbani kwake, mwachie hela yake na uondoke.

Kabla ya kulipa muda mrefu, omba kipindi kimoja cha majaribio na mpe swali: mstari unaounganisha kilele cha mifupa miwili ya nyonga unakata pingili gani, na unasaidia nini? Mwalimu mzuri hataishia kukwambia ni pingili ya nne ya kiuno. Atakugeuza uipapase mgongoni mwa mwenzako, kisha atakuuliza wewe kwa nini sindano ya maji ya uti wa mgongo inachomwa juu au chini ya hapo, mpaka ufike mwenyewe kwamba kwa mtu mzima uti wa mgongo unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Lipa kila kipindi kinapoisha, usitangulize mwezi mzima. Na msizidi watatu, mkizidi mnarudi kuwa darasa.

Mtihani wa vituo, ule wa kuzunguka meza kwa meza kengele ikilia, nilipata B+, na rafiki yangu A. Semista ijayo tunaendelea naye kwa kichwa na shingo. Tumemwomba tuanze na neva 12 za fuvu. Amekubali, ila ametutaka tuazime fuvu la plastiki la chuo na tufike tukiwa tumeshatafuta tundu inamopitia kila neva.