Kozi ya programu ya karata Mwanjelwa: "Mama, kompyuta haidanganyi"

Nyota moja. Nilitaka kutoa mbili, ila nikikumbuka kile kicheko narudi kwenye moja.

Nilijiunga na kozi ya jioni hapa Mwanjelwa, Mbeya, kituo sikitaji, msimu ule wa baridi ambapo vidole vinagoma hata kubonyeza kibodi. Laki moja na nusu. Kazi ya mwisho: kuandika programu inayoucheza FreeCell, ule mchezo wa karata wa mtu mmoja kwenye kompyuta, yenyewe hadi umalizike. Nilifurahi jamani, maana mchezo huo nimeurithi kwa baba mdogo, karani mstaafu, aliyeanza kuucheza enzi za kompyuta za kichogo.

Mwalimu alitupa kiunzi, sisi tukajazia. Kila mgawo wa karata una namba yake; nikaipa mchezo namba 617. Ikakoroma dakika mbili, ikaandika HAUWEZEKANI. Nyumbani nikamwonyesha baba mdogo. Akavuta kiti, chai ikapoa, akaumaliza kwa mkono.

Kesho yake nikamweleza mwalimu. "Mama, kompyuta haidanganyi. Labda huyo mzee wako kaiba." Darasa zima likacheka. Anaibaje, wakati mchezo wenyewe unakataa hatua isiyo halali? Na katika michezo 32,000 ya Windows ya zamani, watu waligawana kuijaribu miaka ya tisini, ukabaki mmoja tu usiofunguka: 11982. Programu yetu ilikuwa imekataa kumi na mmoja katika mia ya kwanza!

Usiku huo sikulala. Nikakuta ndani ya kiunzi kuna hesabu: ikishapitia hali laki mbili, yaani mipangilio ya karata mezani, inaacha, na mstari unaofuata unaandika HAUWEZEKANI. Yaani programu imechoka, halafu inausingizia mchezo.

Na kwa nini inachoka? Karata hukaa kwenye safu nane; ukizibadilishia nafasi, mchezo ni ule ule, lakini yenyewe inahesabu hali mpya. Safu nane zinapangika kwa njia 40,320, na vile vishimo vinne vya kuegeshea karata, vikijaa, kwa njia 24. Zidisha mwenyewe. Ni konda anayemdai abiria nauli upya kila akihama siti. Nikaziamuru safu zijipange kwa karata ya kwanza, na vishimo hivyo hivyo, kabla programu haijajiuliza kama hali hii ilishaipita. 617 ukafunguka kabla sijamaliza kupiga mwayo. Pale pa kuchoka nikaandika NIMESHINDWA.

Haki yake nimpe. Kutafuta njia na kurudi nyuma alitufundisha kwa vichochoro vya Soweto ya hapa hapa Mbeya: ukikuta ukuta, rudi njia panda ya mwisho, shika upande ambao hujaujaribu. Sijawahi kuelezwa vizuri hivyo. Haya, nyota tatu.

Ila juzi dogo wa kundi jipya kanionyesha kiunzi chao. Mpango wangu wa safu umo, mpaka maelezo yangu niliyoandika "karta" badala ya karata, na juu jina la mwalimu. HAUWEZEKANI bado iko pale pale.

Moja. Mnaotaka kwenda nendeni, kufundisha anajua, msimuulize swali tu.

Baba mdogo ananisumbua kuhusu 11982. Niliuachia laptop usiku kucha; saa tisa umeme ukakatika, na betri yangu ni pambo.