Uzoefu wangu: siku tatu Bruges, Ubelgiji, kwa basi kutoka Birmingham, Uingereza

Nyota tatu kati ya tano. Basi lilikuwa zima, viti vina nafasi, hoteli safi. Nyota mbili zimekatwa kwa sababu ya ratiba, maana aliyeipanga hakupigia hesabu saa za dereva.

Dereva wa basi la abiria anabanwa na sheria. Akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Kwa siku haendeshi zaidi ya saa 9, au 10 mara mbili tu kwa wiki, na usiku anatakiwa kupumzika saa 11, ambazo zinaweza kupunguzwa hadi 9 kwa nadra. Kifaa kilicho mbele yake kinarekodi kila dakika. Birmingham hadi bandari ya Dover ni kama kilomita 320, feri hadi Calais, Ufaransa, dakika 90, halafu kilomita 120 hivi hadi Bruges. Ukiandika kwenye karatasi, safari inaenea ndani ya saa za dereva. Ila tulitoka saa 12 asubuhi, tukachukua abiria vituo vitatu zaidi, foleni ya ukaguzi ikatukosesha feri yetu, na tukafika hotelini saa 2 usiku kwa saa za Ubelgiji, ambazo ziko mbele kwa saa moja. Siku ya dereva ikawa imekwisha, na matembezi ya usiku mjini, ambayo tulishayalipia, yakafutwa. Dereva msimlaumu. Kabla ya kulipa, uliza basi linapita vituo vingapi, na kama linavuka kwa feri au kwa treni ya chini ya bahari kutoka Folkestone. Kwa treni ni dakika 35 na abiria mnabaki ndani ya basi.

Ukaguzi wa Ufaransa unafanyika Dover kwenyewe, kabla ya kupanda feri. Tangu Oktoba 2025 kuna mfumo mpya wa alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo mtu mmoja mwenye tatizo anawachelewesha wote. Pasipoti ya Uingereza isiwe imepitisha miaka 10 tangu itolewe siku mnapoingia, na ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji visa ya Schengen (visa moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Wengi huomba Ufaransa kwa kuwa ndiko wanakoingilia. Hapana: kama usiku zote mnalala Ubelgiji, omba Ubelgiji. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari.

Kwenye feri wote mnashuka, na sitaha ya magari inafungwa hadi mfike. Dawa, koti na chaja panda navyo. Piga picha namba ya sitaha na mlango wa ngazi uliotokea, kwa sababu mabasi meupe yanafanana na wakati wa kurudi mnatangaziwa ghafla.

Chakula cha njiani: sambusa za nyama na chupa ya chai ya maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya. Chapati na sambusa za viazi hazina shida. Matunda mabichi mengi yanakataliwa, lakini ndizi, nanasi, nazi na tende zinapita! Kurudi, jibini liache huko huko, Uingereza imelizuia tangu Aprili 2025. Chokoleti chukua.

Bruges yenyewe basi haliingii katikati. Linashusha upande wa kusini, na hadi uwanja wa Markt ni mwendo wa dakika 20 juu ya mawe, kwa hiyo viatu vya kisigino viacheni. Mnara wa kengele una ngazi 366 na hakuna lifti. Choo cha ndani ya basi ni cha haja ndogo tu, na vya mjini vinataka sarafu, basi badilisheni hela mapema.