Shule ya chata Minnesota, darasa la sita hadi la nane: tuliyoyapata

Kijana wangu alimaliza darasa la nane mwaka jana katika shule ya chata hapa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, na dadake sasa yuko la sita palepale. Kazini kila anayehamia huku na watoto ananiuliza habari zake, basi nieleze mara moja.

Karo hakuna. Nasema hivyo kwanza kwa sababu bado nakutana na Wakenya wanaodhani chata ni kama zile akademi za nyumbani. Hii ni shule ya umma: jimbo linailipa kwa kila mtoto aliyeandikishwa, ila inaendeshwa na bodi yake yenyewe, si wilaya ya elimu. Minnesota ndilo jimbo lililopitisha sheria ya kwanza ya shule hizi, mwaka 1991. Waombaji wakizidi nafasi, majina yanapigiwa kura ya bahati nasibu, hakuna cha kumjua mtu. Ndugu wa mwanafunzi hutangulizwa, ndivyo binti alivyoingia.

Kwenye fomu utaulizwa lugha ya nyumbani. Andika Kiswahili. Kuna wanaoshauriana kuficha eti mtoto ataonekana hajui Kiingereza. Wangu alipimwa, akafaulu, mambo yakaishia hapo. Na ile fomu ndiyo iliyomfanya mamangu apate mkalimani siku alipoenda mkutano wa wazazi badala yangu.

Kilichotuvuta ni nidhamu. Sare, mashati ndani ya suruali, simu zinafungiwa kabatini asubuhi. Mtu aliyesoma Kenya akiingia anajisikia yuko nyumbani, bila kiboko. Lakini nidhamu hiyo ina upuuzi wake. Kila mtoto ana kadi ya alama, na ikifika Ijumaa zikiwa chache anabaki baada ya masomo. Wangu alikatwa alama kwa kugeukia dirishani theluji ya kwanza ilipoanza kuanguka. Ndiyo kwanza ametoka Nakuru, hajawahi kuona theluji maishani! Sababu iliandikwa kwenye kadi kwa kalamu nyekundu: "hakufuatilia somo".

Walimu wa la sita walikuwa wazuri kupita kiasi. Yule wa kusoma aligundua kijana anasoma haraka sana na haelewi kitu. Akawa anampigia simu jioni, anamwambia asimulie sura aliyoisoma, na akikwama anamrudisha kwenye ukurasa uleule. Shule kubwa ya mtaa, yenye watoto mamia kwa mamia, sidhani ningeyapata hayo.

Shida ilikuja la nane. Hapa Minnesota hesabu za darasa hilo ni aljebra, na mwalimu wake aliondoka baada ya Krismasi. Wakaleta wa kushikilia, akaondoka, wakaleta mwingine. Kufikia masika watoto walikuwa wanatazama video kwenye laptopu na kubonyeza majibu, programu inasahihisha. Kwenye ripoti aliletewa A. Alipoingia sekondari na kupimwa, akarudishwa kuanza aljebra upya. A gani hiyo?

Nilienda kwenye kikao cha bodi, maana ni wazi kwa yeyote na sheria inataka mzazi mmoja awe mjumbe. Jibu nililopewa ni kwamba wilaya inalipa walimu vizuri zaidi, kwa hiyo wakishapata uzoefu wanahama. Niliheshimu ukweli wao, ila haukumfundisha mtoto wangu aljebra.

Michezo ni mpira wa vikapu tu. Bendi hakuna. Basi linazunguka mitaa mingi mno, na mnamo Januari kusimama kituoni gizani si mchezo. Chakula kinalika, na tangu 2023 ni bure jimbo zima.

Ukienda kuitembelea usihangaike na picha za ukutani. Uliza walimu wangapi wa mwaka jana wamerudi, na uombe kuonyeshwa anayefundisha hesabu za la nane. Binti nimemwacha pale kwa sababu yule mwalimu wa kusoma bado yupo. La nane sitamwachia. Atahamia shule ya wilaya, na nafasi ya mtoto wa mtaa huko haina kura.