Shule ya Freeman, Nebraska: chumba kimoja chenye historia ndefu

Mgeni anayefika Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa ya Homestead, nje kidogo ya mji wa Beatrice kusini mwa jimbo la Nebraska, Marekani, huelekezwa kwanza kwenye jengo kuu la makumbusho. Jengo hilo lililofunguliwa mwaka 2007 limebuniwa vizuri: paa lake limechukua umbo la plau inayopasua ardhi, na uwanja wa kuegesha magari umepimwa ukawa ekari moja kamili, ili mtu aione ekari kwa macho yake kabla hajasoma kwamba, kwa sheria ya mwaka 1862, mlowezi aliweza kupewa ekari 160 akiishi humo na kulima kwa miaka 5. Kiingilio hakuna. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hazina ya hifadhi hii haiko hapo, bali magharibi yake, katika kijumba cha matofali mekundu kiitwacho Shule ya Freeman.

Shule hii ilijengwa mwaka 1872 kuchukua nafasi ya jengo la magogo, ikaendelea kufundisha hadi mwaka 1967. Ni chumba kimoja tu. Ndani kuna madawati, ubao na jiko la kuotea moto, na anayesimama mlangoni anaelewa mara moja jinsi mwalimu mmoja alivyolazimika kuwafundisha watoto wa rika zote kwa zamu, wakubwa wakifanya hesabu kimyakimya huku wadogo wakisoma herufi kwa sauti. Chumba hichohicho kilitumika pia kwa ibada, mikutano na upigaji kura, kwa kuwa majirani waliotawanyika mbugani hawakuwa na jengo jingine la kuwakutanisha.

Ni vyema kuelewa pia shule kama hizi zilivyopatikana. Ardhi ya Nebraska ilipopimwa, kila eneo la maili 36 za mraba liligawanywa katika vipande 36, na vipande viwili, cha 16 na cha 36, vikatengwa ili mapato yake yasaidie elimu. Uendeshaji wenyewe uliachiwa kamati ya wenyeji. Kamati ya hapa haikuwa ya kulala, kwani ilinunua vitabu vya wanafunzi mwaka 1881, miaka 10 kabla ya sheria ya jimbo kuzitaka kamati zote zifanye hivyo.

Kisa kilichonifanya nikae humo muda mrefu kuliko nilivyopanga ni cha Daniel Freeman, mlowezi anayekumbukwa kwa kuandikisha shamba lake tarehe 1 Januari 1863, siku ya kwanza ya utekelezaji wa ile sheria ya ardhi ya mwaka 1862. Mwaka 1899 mzee huyu alilalamika kwamba mwalimu, Edith Beecher, alikuwa akiwasomea watoto Biblia, akiomba na kuimba nao tenzi za dini saa za masomo. Kamati ilimuunga mkono mwalimu. Freeman akaenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, na mwaka 1902 Mahakama ya Juu ya Nebraska ikaamua kwamba mafundisho ya aina hiyo yalikiuka katiba ya jimbo. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilitoa uamuzi unaofanana na huo mwaka 1963. Nilipoyatazama madawati yale machache, niliona ajabu kwamba ugomvi wa majirani juu ya chumba kidogo kiasi hiki ulifika mbali namna ile.

Ushauri wangu ni kwamba mgeni aulize kwanza katika jengo kuu kama shule imefunguliwa siku hiyo, kwa kuwa kuitazama kupitia dirishani ni kupoteza nusu ya faida. Saa mbili zinatosha kwa hifadhi nzima, nami ningetoa nusu saa nzima kwa shule peke yake. Mwenye siku ya pili aende kaskazini hadi Genoa, kwenye makumbusho ya shule ya bweni iliyoendeshwa na serikali kuanzia mwaka 1884 hadi 1934 kwa ajili ya watoto wa makabila ya asili, ambako walikatazwa kusema lugha zao. Shule zote mbili zilikuwa zikifundisha katika jimbo moja, miaka ileile.