Kushonesha suti Kampala: uzoefu wangu kwa fundi wa Kiyembe

Kama unaishi Kampala na unataka suti inayokukaa sawasawa, ushauri wangu ni huu: shonesha. Mimi ni mtu wa Tanga, niko hapa kikazi, na nimeshapita maduka ya Kampala Road na William Street, nimechambua mivumba, yaani mitumba, soko la Owino, mpaka nikaishia kwa fundi mmoja Mkongomani mwenye chumba kidogo ghorofani pale Kiyembe, mtaa wa maduka ya vitambaa katikati ya mji. Suti aliyonishonea ni bora kuliko zote nilizowahi kuvaa. Nitaeleza kwa nini, na yale ambayo hayakunifurahisha nitayasema pia.

Nianze na mwili wangu, maana bila huo mengine hayataeleweka. Kifua changu ni inchi 42, kiuno 33. Suti nyingi za dukani hukatwa kwa tofauti ya inchi 6 baina ya kifua na kiuno, kwa hiyo koti la 42 huja na suruali ya 36. Zile za Uturuki za kubana, ambazo ndizo zimejaa mjini hapa, kiuno chake kinanikaribia zaidi lakini mapaja hayaingii, kwa sababu mapaja yangu ni ya mtu aliyecheza mpira tangu shule ya msingi. Koti likinitosha mabegani, suruali inapwaya. Suruali ikinikaa kiunoni, kuketi ni shida. Duka moja waliniambia hilo ni jambo dogo, wakapunguza kiuno inchi 3, na suruali iliporudi mifuko ya nyuma ilikuwa imesogeleana mpaka inakaribia kugusana. Fundi wao alishona vizuri tu, simlaumu. Suruali ikipunguzwa kupita inchi mbili hivi, umbo lake linaharibika, na muuzaji wa suti anapaswa kulijua hilo na kumwambia mteja kabla hajatoa pesa. Mimi sikuambiwa.

Kuagiza mtandaoni kutoka Ulaya sikupendekezi kwa mtu wa huku. Ukilipa usafiri na ushuru, halafu koti likakubana kwapani, utalirudisha vipi? Tuendelee.

Owino ni habari nyingine, na sitaki mtu aidharau. Jina lake rasmi ni soko la St. Balikuddembe, liko pembeni ya uwanja wa Nakivubo, na kwa makoti ya wanaume sijaona mfano wake. Mwaka 2023, mwezi wa Agosti, Rais Museveni akiwa Mbale alitangaza kupiga marufuku nguo za mitumba, lakini marobota bado yanafunguliwa na wateja bado wanajaa. Koti la mtumba lililoshonwa vizuri Uingereza au Italia, lenye mabega yanayokutosha, ni mali. Kiuno kinapunguzika, mikono inafupishika. Mabega ndiyo hayachezewi: kuyarekebisha ni kufumua mikono, kutoa pedi, kugusa ukosi, na gharama yake inakaribia kushona koti jipya. Kwa hiyo angalia mshono wa bega unaishia wapi. Unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Kisha simama kando ya ukuta na uuegemee kwa ubavu: kama pedi ya bega inagusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa, liache hata kama bei ni ya kutupa. Mimi nilipata koti moja la kijivu ambalo nalivaa mpaka leo. Suti kamili sikupata. Kila nilipoona koti zuri, suruali yake ilikuwa imekwenda na robota jingine.

Suti kamili niliihitaji, na si kwa ofisi tu. Hapa Uganda mtu akikualika umsindikize kwenye kwanjula, yaani siku ya kujitambulisha ukweni, wanaume huvaa kanzu na koti juu yake. Kanzu ya Kiganda ina nakshi nyekundu iliyokoza shingoni, ikishuka mpaka kifuani. Sisi wa pwani kanzu na koti tumekua navyo, kwa hiyo siku ya kwanza kuona mahema yamejaa wazee wa aina hiyo nilijisikia nyumbani kabisa. Ila kuna jambo la kuzingatia: koti la kubana likivaliwa juu ya kanzu linajikunja mgongoni na vifungo vinavuta. Na shughuli yenyewe ni ya saa nyingi. Unakaa chini ya hema huku wasemaji wa pande mbili wakishindana kwa maneno, unainuka, unaamkia, unabeba zawadi, unarudi kukaa. Nguo inayopendeza mtu akiwa amesimama mbele ya kioo haitoshi kwa siku kama hiyo.

Kitambaa nilinunua mwenyewe. Maduka ya vitambaa vya suti Kiyembe yamepangana, na karibu kila jora la kitambaa lina maandishi ya dhahabu ukingoni: "Super 150's", "Made in England", "Cashmere". Usiyaamini maandishi hayo peke yake. Neno "Super" kwa taratibu za biashara ya sufu lina maana yake: ni kipimo cha wembamba wa nyuzi za sufu. Super 100 ni nyuzi zisizozidi mikroni 18.75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Super 120 hazizidi 17.75, na namba ikipanda nyuzi zinazidi kuwa nyembamba. Polista haina "Super". Muulize mwenye duka akupe nyuzi chache kutoka ukingoni, uziguse na kiberiti. Sufu inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanapondeka kwa kidole. Polista inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Kwenye duka la kwanza mwenye duka alinikatalia hata uzi mmoja, nami nikamshukuru nikaondoka. Kwenye lile nililonunua, mama mwenye duka alizichomoa nyuzi mwenyewe, akazichoma mbele yangu, akaniambia nivute harufu. Nilivuta. Nywele tupu. Nikanunua hapohapo.

Nilichukua Super 110, rangi ya buluu iliyokoza, uzito wa gramu 260 kwa mita, mita tatu na nusu. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake si la Tanga. Asubuhi kuna ubaridi, mchana jua ni kali, na mvua inaweza kukukuta njiani. Kitambaa chepesi mno hukunjamana ukishapanda boda mara moja, na namba kubwa kama 150 au 180 ni laini mkononi lakini hazivumilii kuvaliwa kila wiki. Nililipa shilingi za Uganda 110,000 kwa mita. Ni ghali. Polista nzuri ingeniangukia chini ya nusu ya hapo, na kwa mtu anayevaa suti kwenye harusi na misiba tu, polista iliyochanganywa na viskosi itamtosha, mradi aliyeishona anajua kazi.

Sasa fundi. Ni mtu wa Bukavu, mtu mzima, haongei sana, na Kiswahili chake ni cha Kikongo. Nilipoingia hakushika futi kamba kwanza. Aliniacha nisimame, akazunguka nyuma yangu, akaangalia. Nami, kama ilivyo kawaida ya mtu anayepimwa, nilijikaza na kutoa kifua mbele.

"Hapana papa," akasema. "Simama vile unasimamaka kila siku."

Nikalegea. Akaniwekea kiganja begani kulia, kisha kushoto, akaniambia: "Bega ya kuume iko chini kidogo. Unabebaka mfuko huku?" Ni kweli, mkoba wa kompyuta naubeba upande huo miaka yote, na hakuna duka lililowahi kuliona jambo hilo. Aliandika kwenye daftari, na baadaye pedi ya bega la kulia akaifanya nene kidogo kuliko ya kushoto. Ukiniangalia leo nikiwa nimevaa koti, mabega yako sawa. Hilo tu lilitosha kunifanya nimheshimu.

Nikamwambia kuhusu kanzu. Akauliza koti nitalivaa juu ya kanzu mara nyingi au mara mojamoja, akaongeza nafasi kidogo kifuani, na akaweka mipasuo miwili nyuma badala ya mmoja, ili kanzu ipate pa kutokea nikiketi na koti lisipande juu. Tundu za mikono alizikata juu, karibu na kwapa. Watu wengi hudhani tundu kubwa ndilo linalompa mtu uhuru. Ni kinyume chake. Tundu likiwa kubwa, ukiinua mkono koti zima linafuata. Tundu likiwa juu, mkono unainuka na koti linabaki mahali pake.

Swali muhimu kuliko yote nililomuuliza ni la kinachowekwa ndani ya kifua cha koti, baina ya kitambaa na bitana. Makoti mengi ya bei ya kawaida hugandishwa kwa gundi ya pasi. Yakiwa mapya hupendeza, lakini yakishafuliwa drai klina mara kadhaa gundi huachia na kifua kinatoa malengelenge yasiyoondoka. Njia nyingine ni kanvasi: ni kitambaa cha pamba na sufu chenye singa za farasi, hushonwa kwa mkono bila gundi, na kadiri unavyovaa ndivyo inavyozoea umbo lako. Fundi wangu alikuwa nayo kidogo, akashauri aiweke kifuani na kwenye ukosi, chini abaki na gundi nyepesi. Nilikubali. Ukitaka kujua koti lolote lina nini, libane kwa vidole karibu na kifungo cha chini, vuta upande wa nje na upande wa ndani. Ukihisi kitu cha tatu kinateleza katikati, hiyo ni kanvasi iliyoshuka mpaka chini; kwa koti kama langu, lenye kanvasi kifuani tu, bana kifuani.

Kabla ya kushona moja kwa moja alipiga bandi, na hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Koti lilikuja likiwa limeshikiliwa kwa nyuzi nyeupe za muda, halina bitana, lina mkono mmoja tu. Akanifunga kwa pini, akachora kwa chaki, akafumua bega palepale na kulishika upya. Mimi nilikaa kwenye stuli, nikainua mikono kama mtu anayepokea sinia, nikainama kufunga kamba za viatu. Ukosi uliachana na shingo nilipoinama, akauona kabla sijasema. Fundi akikwambia hakuna haja ya kujaribu mpaka nguo iishe, tafuta fundi mwingine.

Ushonaji ulikuwa 350,000 pamoja na bitana, kanvasi na vifungo. Nusu nilitoa mwanzoni kwa simu, nusu siku ya kuchukua. Ukijumlisha na kitambaa ni 735,000. Kwa pesa hiyo dukani nilikuwa naonyeshwa suti za gundi ambazo hata mabega hayakunitosha.

Yasiyonifurahisha sasa. Tarehe aliyonipa haikutimia, tena si kwa siku moja. Nilipiga simu, nikajibiwa "kesho", na kesho ikapita. Kama una shughuli, mwambie fundi tarehe ya mapema zaidi na uifuatilie kwa kwenda mwenyewe, simu hazitoshi. Vifungo alivyoweka mwanzo vilikuwa vya plastiki nyepesi, nikamnunulia vya pembe akavibadilisha bila nongwa. Pindo la mguu mmoja wa suruali lilikuwa refu kuliko la pili, kitu kidogo, lakini kwa suti ya bei hii nilitarajia alione yeye. Alirekebisha nikisubiri. Na chumba chake hakina kioo kirefu, jambo ambalo kwa kazi hii ni upungufu mkubwa. Nenda na mtu unayemwamini akuangalie mgongo.

Zaidi ya hayo sina lalamiko. Mkono wa shati unaonekana nusu inchi, koti linafunika makalio, kifungo cha juu kinafunga bila kuvuta mikunjo tumboni. Nimeivaa kwenye kwanjula mbili juu ya kanzu na kazini kila wiki. Vumbi jekundu la hapa naliondoa kwa burashi usiku uleule, drai klina napeleka mara chache sana, na suti naiacha ipumzike kabla ya kuivaa tena.

Kama unakwenda kushonesha, nunua kitambaa cha suruali mbili tangu mwanzo, kwa sababu suruali huchakaa kabla ya koti, na ukirudi dukani baadaye jora lilelile linaweza kuwa limekwisha au rangi imetofautiana kidogo. Mimi yule mama alikuwa bado amebaki na kipande. Nimekichukua, kiko kwa fundi, na safari hii tarehe niliyompa ni ya mapema zaidi kuliko siku ninayoihitaji.