"Oili haipandi, mama"

Nina hasira bado, kwa hiyo anayetafuta uchambuzi uliotulia kuhusu vigari vidogo vya dizeli vya mtumba kutoka Japani ahamie kwingine mapema. Ukubwa wa injini, idadi ya gia na upana wa buti sitavigusa, simu yako inavijua kuliko mimi. Jina la gari nalo nabaki nalo. Wenye nalo watalitambua kabla sijafika mbali, na wengine wataguna.

Ilikuwa kipindi cha mvua, foleni ya Mwenge haisogei, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na kwenye skrini yakajipanga maandishi ya Kijapani. (Kule yadi waliniapia kwamba lugha "itabadilishwa, dada, hiyo kazi ndogo". Hadi leo gari langu linaongea Kijapani.) Nikayapiga picha, simu ikanitafsiria: masizi yamejaa kwenye chujio, endelea kuendesha gari. Niendelee kuendesha! Mbele yangu daladala la Makumbusho limezima injini, pembeni bajaji zimejazana mpaka kwenye mtaro. Niendeshe kwenda wapi?

Taa yenyewe haikunitisha sana. Kilichonitisha ni stiki ya kupimia oili. Nina kawaida ya kuichomoa asubuhi injini ikiwa ya baridi, tabia niliyoitoa kwa baba yangu aliyeendesha malori maisha yake yote. Na kwa muda sasa nilikuwa naona kitu cha ajabu: oili inapanda. Hakuna aliyeongeza hata tone. Ilikuwa kwenye alama ya juu, ikaipita, ikaendelea, mpaka ikakaribia ile alama ya X iliyochorwa juu kabisa ya stiki. Magari mengi hayana hiyo X. Hili wameliwekea kwa sababu waliolitengeneza walijua kitakachotokea.

Nikaenda gereji. Si ya chini ya mwembe. Hii ina ubao mkubwa barabarani, mapokezi yana kiyoyozi, maji ya kunywa ya bure, na bei zake zinakilipia hicho kiyoyozi. Fundi mkuu akaja, akalitazama gari, kisha akatazama nyuma ya bega langu.

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

Nikameza mate. Nikamwambia mwenye gari ndiye huyu anayeongea naye, taa imewaka, na oili inapanda. Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kuita watu, na watu akawaita kweli: "Vijana, njooni msikie, mama anasema oili yake inapanda!" Wakaja na grisi zao mikononi. "Oili haipandi, mama," akaniambia polepole, neno moja moja. "Oili inashuka. Ukiona imezidi, kuna mtu kakujazia, au umejaza mwenyewe ukasahau."

Nikachomoa stiki nikampa. Nikamwambia, nusa. Mnajua alichofanya? Akaifuta kwenye ovaroli lake, akairudisha, akafunga boneti. Hakunusa. Mtu anayelisha watoto wake kwa kutengeneza injini anapewa stiki inayonuka dizeli waziwazi, hata mtoto wa darasa la pili angeisikia, naye anaifuta kwenye paja. Mpaka leo nikiwa jikoni nakata vitunguu nalikumbuka lile ovaroli, na kisu kinakwenda mbio.

Sasa niwaeleze mimi, maana yeye nilimlipa na hakunieleza. Hizi dizeli ndogo za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ndilo watu wanaita DPF. Masizi yakijaa, kompyuta ya gari huyachoma yenyewe. Inarusha dizeli ya ziada ndani ya silinda kwa kuchelewa, mlipuko ukiwa umeshapita, ili ikaunguzwe huko kwenye ekzosi na joto lipande mpaka karibu nyuzi 600. Masizi yanaungua, mchezo umekwisha. Lakini kazi hiyo inataka mwendo usiokatika kwa dakika kadhaa. Ukifika kazini ukazima gari katikati ya zoezi, limeharibika. Safari inayofuata linaanza upya. Na kila linapoanza upya, sehemu ya ile dizeli ya ziada haifiki kwenye ekzosi. Inachuruzika kwenye kuta za silinda, inapenya kwenye ringi, inashukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Kwa hiyo oili inapanda, jamani. Inapanda! Na inazidi kuwa nyepesi, wakati tabo na beringi za kranki zinaishi kwa kuitegemea.

Mimi nakaa Mbezi Beach, kazi iko Posta. Ukitaka kuliua gari la namna hii taratibu, hiyo ndiyo njia ya kulipitisha kila siku.

Turudi gereji. Akachomeka mashine ya kupimia, akachapisha karatasi, akatoa hukumu: "Tutoe masega." Kwa wasiojua, masega ndiyo hayo yaliyomo ndani ya chujio, yenye vitundu vidogo vidogo. Nikamuuliza, mkishayatoa yanakwenda wapi? "Yanatupwa tu, mama." Yanatupwa! Masega yana platinamu, na hapa mjini wapo wanaozunguka gereji kwa gereji kuyanunua. Halafu ukiyatoa bila programu ya kompyuta kuguswa, sensa za presha zinachanganyikiwa, taa haizimi ng'o, na nyuma unaacha moshi mweusi unaomfunga kanga ya usoni kila mama ntilie unayempita. Wapo waliotoa wakabadilishiwa na programu na magari yao yanatembea vizuri tu. Siwalaumu, kila mtu na mfuko wake. Ila nisiambiwe yanatupwa.

Kwenye karatasi yake ya makadirio aliandika pia oili atakayoweka. Ilikuwa ile nzito ya malori ya Fuso. Gari lenye DPF linataka oili yenye majivu machache, kwenye kopo utaona imeandikwa JASO DL-1, au kwa za Ulaya ACEA yenye herufi C. Sababu si ya kitaalamu sana: masizi yanachomeka, majivu yatokanayo na oili hayachomeki. Yanabaki kwenye chujio daima. Kwa hiyo angetoa masega leo au angeyaziba kesho kwa oili yake, kwake yote ni biashara.

Aliponiona nasita akatoa lile nililokuwa nalisubiri tangu mwanzo: "Dizeli si gari ya mwanamke, mama. Ungechukua ka petroli."

Nikalipa ada ya kupima. Nikaomba risiti, mashine ya EFD ikawa mbovu. Siku hiyo kila kitu pale kilikuwa kibovu isipokuwa yeye.

Msinunue. Hilo ndilo nililoandika usiku ule kwenye rasimu ya kwanza, neno hilo moja, nikalala.

Lakini haki ni haki. Mdogo wangu ana ka petroli ka umbo lilelile, na tukipita njia moja yeye anasimama kituoni mimi napita nampigia honi. Kwenye foleni langu linanipa kama kilomita 13 kwa lita, siku mbaya pungufu ya hapo. Nje ya mji linapita 20 bila kujitutumua. Na nguvu! Kupanda mlima ukiwa umebeba shangazi wanne na gunia la mchele kutoka Kyela, hulisikii likilalamika. Kuna asubuhi naliwasha na kusahau kabisa kwamba nina ugomvi nalo.

Ila msidanganywe na anayewaambia dizeli ni nafuu kwa sababu ni dizeli. EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wanatoa bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2022 ilikuwapo miezi dizeli ya Dar ilipita petroli. Ukinunua gari kwa hesabu ya bei ya kituoni, umenunua kamari. Faida iko kwenye lita chache linazokunywa, na faida hiyo inaliwa na oili. Kitabu kinaruhusu kilomita 10,000 ndipo umwage. Mimi kwa foleni hizi namwaga kila 5,000 na roho inanidunda nikikaribia. Kopo la DL-1 utazunguka Kariakoo nzima kulipata, na ukilipata bei yake inakufanya uulize mara mbili. Nozeli, zile zinazorusha dizeli ndani ya silinda, sijabadilisha, namshukuru Mungu. Niliulizia bei ya moja tu, nikasingizia mtandao mbovu nikakata simu.

Na wese lenyewe usijaze popote. Japani dizeli yao ina salfa isiyozidi 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa 50. Hiyo haikuwa mbaya, tulitoka mbali. Wenye umri wangu wanakumbuka enzi za kuchakachua, mafuta ya taa yakimiminwa kwenye dizeli mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 na vinasaba, ile alama inayotiwa kwenye mafuta ili kuwakamata wachakachuaji, vikawa habari ya mjini. Lori la zamani lilikuwa linakunywa tope hilo na kuendelea na safari. Nozeli za hivi vigari zina matundu usiyoyaona kwa macho. Mimi nina kituo kimoja, na taa ya mafuta ikiwaka mbali nacho nazima kiyoyozi natokwa jasho mpaka nifike.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa Tegeta, huyu ndiye wa chini ya mwembe. Akaniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, akachomoa stiki. Akanusa! Kabla sijamwambia. Akasema, "Hii dizeli, anti." Nusura nimkumbatie mbele ya wateja wake. Akamwaga ile oili, ilitoka nyingi kuliko inavyopaswa na nyembamba mno, akaweka ya DL-1 niliyokuja nayo. Akalisogeza gari mbali na majani makavu, akachomeka kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka, akaliamuru lichome masizi likiwa limesimama. Injini ikanguruma peke yake, feni ikavuma, joto la ekzosi likatufukuza sote pembeni. Taa ikazima. Alichonitoza ni kidogo kuliko ile ada ya kuchekwa.

Tatizo ni dawa aliyoniandikia: "Kila baada ya muda litoe nje ya mji, anti, likimbie bila kusimama."

Sasa nje ya mji ni wapi? Ukishika barabara ya Morogoro, malori yamepangana mpaka Chalinze, na kila kijiji ni mwendo wa 50, na kila 50 ina trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo nyuma ya mti. Nilipigwa faini ya 30,000 karibu na Mlandizi wakati masizi yanaungua vizuri kabisa. Nikamweleza afande kwamba nikipunguza mwendo zoezi linakatika na oili itapanda. Akanitazama vilevile kama yule wa gereji. Akaandika.

Siku hizi nakwenda Bagamoyo, nakata Makofia, nashika barabara ya Msata. Malori machache, lami safi, kilomita zaidi ya 60 mpaka Msata. Vijijini nashuka 50, vikiisha naliacha liende. Na hapo ndipo gari hili linaponitia aibu kwa yote niliyoandika hapo juu. Linatulia, sukani nyepesi, sindano ya mafuta imelala usingizi, unaongea na abiria wa nyuma kwa sauti ya sebuleni. Kiwangwa nasimama kununua mananasi (nikiwa narudi, si nikienda, zoezi lisikatike). Ndugu wote sasa wana mananasi. Kwenye hesabu yangu ya gharama za uendeshaji kuna mstari wa mananasi, na si mdogo.

Kwa hiyo nunueni, ikiwa safari zenu ni ndefu. Hapana, subirini. Gari gani hili linalomlazimu mtu aende Msata Jumapili bila ya kuwa na ndugu Msata? Dizeli ninayookoa Jumatatu mpaka Ijumaa naiteketeza Jumapili ili gari lipate kuendelea kuniokolea dizeli. Nilimweleza mdogo wangu hivyo, akacheka mpaka akakaa chini, na ka petroli kake kako nje kametulia hakadai kutembezwa.

Wiki hizi nilimpa dalali picha. Akaleta mteja, kijana mpole, ana hela mkononi. Nikamuuliza safari zake. Anakaa Kinondoni, kazi Posta, basi. Nikamwambia haliuzwi. Dalali kanuna, simu zangu hapokei. Kama kuna mtu anakaa Chalinze na kazi yake iko Morogoro, huyo aje tuongee. Bei haipungui, na Jumapili gari halionyeshwi.